Mwenye Jina Akirudi

Jumamosi iliyopita nilisukuma baiskeli ya mwanangu hadi kwa fundi wa pale kwetu Kiseke, tairi la nyuma likiwa limelala kabisa. Fundi akaikwangua tyubu kwa msasa, akapaka solusheni, akaipuliza kidogo ikauke, na ile harufu ikanipanda kichwani. Wenzangu mliokulia na baiskeli mnaijua, tamu na kali kwa pamoja, inayomtoa mtu machozi bila kilio. Fundi akaniuliza jina ili asije akaichanganya na baiskeli za wengine. Nikamwambia, Majura. Akasema, "Siyo la mzee, mama. La kwako." Nikamwambia hilo ndilo langu. Akacheka kwa adabu, nami nikaondoka pale, nikazunguka sokoni bila kununua hata nyanya. Harufu ile na swali lile vilikuwa vimewahi kunikuta pamoja mara moja tu, na siku hiyo nilikuwa mtoto wa darasa la pili.

Majura ni jina la kiume, na mwenyewe alikuwa baba yangu mdogo, mdogo wake baba wa kumfuatia. Alikufa vitani Uganda kabla sijazaliwa. Sikumwona hata siku moja, lakini hakuna mtu aliyenisumbua utotoni kama yeye.

Sisi kwetu ni ng'ambo, upande wa Sengerema, kijiji cha kando ya ziwa, ingawa mababu walitoka Mara na mila zao wakaja nazo kwenye mitumbwi. Kwa mila hizo, mtoto hapewi jina la mtu wa ukoo wake aliye hai. Linasubiri. Mwenyewe akishafariki, matanga yakishaisha na watu wakishanyoa nywele, basi mtoto wa kwanza kuzaliwa ndiye anayelipokea, na kuanzia hapo wazee wanamwita na kumtania kama walivyomtania marehemu. Kwa hiyo kumpa mtoto jina ni kusema mbele ya watu kwamba yule mtu hayupo tena. Hapo ndipo nyumba yetu ilipogawanyika, na mimi ndiye niliyeigawanya, tena kwa kuzaliwa tu.

Baba yangu alikuwa amezikubali habari za kifo. Watu wa serikali walikuja, wakakaa barazani, wakasema walichotumwa kusema, wakaondoka. Baba akalia, kisha akaendelea kuvua. Nilipozaliwa, msichana wa tatu mfululizo, hakutaka kungoja mvulana ambaye labda asingekuja. Akasema huyu huyu ndiye Majura. Bibi, mama yao, akakataa katakata.

"Majura yuko safarini," alisema. "Mnampaje mtoto jina la mtu aliyeko safarini?"

Baba alinipeleka kanisani nikabatizwa kwa jina hilo hilo. Bibi hakuja. Tangu siku ile hadi nilipofika darasa la pili, hakulitamka jina langu. Aliniita Mgeni. Mgeni lete maji, Mgeni ondoa kuku kwenye dagaa, Mgeni njoo ule. Hakuwa mkali kwangu, nisimsingizie. Alinipaka mafuta, alinibeba nilipougua malaria, alinifichia vichwa vya sato kwa sababu alijua navipenda. Lakini aliniita Mgeni, na mtoto anayeitwa mgeni nyumbani kwao anaanza kujiuliza ataondoka lini.

Haya yote ya mila nimekuja kuyaelewa ukubwani. Wakati ule hakuna aliyenieleza chochote. Watu wazima wa zamani walidhani mtoto anaelewa mambo kwa kupumua hewa ya nyumbani. Nilichokuwa nakiona ni kitanda cha baba mdogo kilichotandikwa kwenye chumba cha bibi, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, na godoro lake la pamba lililotolewa juani kila Jumamosi na kupigwa vumbi. Niliona sindano yake ya mbao ya kushonea nyavu imechomekwa ukutani, uzi bado umo. Niliona mtu akiita "Majura!" uani kwa sauti, mikono ya bibi inasimama ndani ya karai la muhogo, uso unageukia njia ya ziwani, halafu anaona ni mimi naitwa. Sura aliyokuwa anaifanya pale ilinifanya nitamani kuzama ardhini. Ikafika mahali mama na dada zangu wakawa hawaniiti kabisa tukiwa uani. Walipiga makofi, au walisema "wee".

Basi nikajijibu mwenyewe. Jina hili ni la mtu, nami nimeazimwa. Yuko safarini, akirudi atalitaka, maana ni la kwake na ni la kiume, na mimi msichana nilikuwa namshikia tu, kama jirani anavyoshikiwa mbuzi. Na siku atakapolichukua sitakuwa na jina. Mtoto asiye na jina anakaa wapi? Hilo ndilo lililonikosesha raha. Nikimwona mwanaume nisiyemjua anashuka kwenye mtumbwi na begi, nilikimbilia nyuma ya choo na kukaa huko hadi nisikie anaulizia njia ya kwa mwingine.

Na wanaume wa namna hiyo walikuja kweli. Miaka ile walipita watu wengi waliosema wamepigana, wengine kweli, wengine wababaishaji tu. Wakisikia kuna mama anamsubiri mwanawe, hawakuchelewa kufika. Mmoja alisema Majura ameoa Jinja, ana duka. Mwingine alisema alimwacha hospitalini, amepoteza kumbukumbu lakini ananenepa. Bibi aliwauliza wote swali moja: "Alikuwa anakula nini?" Nao wakajibu kila mtu na lake, kwamba alikuwa anakumbuka samaki wa kwao, kwamba alikuwa anautaja ugali wa mama yake kila siku. Hapo niwaeleze jambo moja. Ukoo wetu hatuli mumi, yule kambare mwenye sharubu. Ni mwiko wa zamani, na bibi aliushika kiasi kwamba sufuria lililopikiwa mumi kwa jirani halikuvuka kizingiti chetu. Mmoja wa wale watu, bila shaka alidokezwa hapo kijijini, akasema kwa kujiamini kwamba hata kwenye njaa kali Majura hakugusa mumi. Bibi alimchinjia jogoo. Nikadhani sasa ameridhika, lakini kesho yake nilimwona amesimama kwenye maji hadi magotini, ndoo tupu mkononi, anaangalia upande wa pili na midomo inamcheza. Hakuwaamini, na hakuweza kuacha kuwasikiliza. Leo nikiwakumbuka wale wanaume napandwa na hasira ambayo sina pa kuipeleka.

Mimi nilikuwa na shughuli zangu. Nilikuwa natafuta jina la akiba. Nilijaribu Anastazia, likawa refu. Nilijaribu la mwalimu wetu, nikaona aibu. Mwishowe nikachagua Zainabu, jina la binti wa mwenye duka kule Sengerema mjini, aliyevaa hereni na viatu vyekundu na hakuna mtu aliyemwambia ondoa kuku kwenye dagaa. Kwamba sisi tulikuwa Wakristo na wao Waislamu halikunipitia akilini. Nilijiita Zainabu nikichota maji, nikajiitikia mwenyewe. Nikamwuliza rafiki yangu Nyamizi, "Mtu akija kuchukua jina lako utafanyaje?" Akanijibu, "Nitamng'ata." Nikaona hana msaada.

Kisha mama mmoja wa dagaa, ambaye alikuwa anapeleka magunia Mwanza na kurudi, akamletea bibi habari. Mkolani, kandokando ya barabara, kuna fundi baiskeli aliyekatika mguu vitani. Watu wanamwita Afande. Hupenda kusimulia habari za rafiki yake mmoja wa ng'ambo ya Sengerema, mshona nyavu, aliyekuwa anawashonea wenzake mikanda na soksi kwa mafundo ya nyavu.

Bibi alimaliza kuanika dagaa wake, akanawa mikono, akaenda kumwambia baba kwamba kesho anavuka. Baba akamwambia, "Mama, umeshakwenda mara ngapi?" Akasema, "Hii ni ya mwisho. Nipe mtoto wa kunisomea vibao." Halafu akaniambia, "Mgeni, utavaa gauni la kanisani."

Gauni la kanisani siku ya kazi. Nikajua. Ninapelekwa kukabidhi.

Siku hizi watu wanapita darajani wakiwa wameketi kwenye gari, wala hawakumbuki kwamba palikuwa na foleni ya kivuko. Sisi tulisimama pale Busisi asubuhi nzima, katikati ya magari ya pamba na akina mama wa matenga ya nyanya, jua linachoma utosi. Kivuko kilipoondoka nilishika chuma cha ukingoni, chenye kutu na joto, nikaangalia kijiji chetu kinavyojificha nyuma ya mawe. Niliaga. Niliaga mama, Nyamizi na vichwa vya sato, kimoja kimoja, hata bibi akaniuliza kama nasikia kichefuchefu. Tuliposhuka upande wa pili tulipata lifti ya lori la muhogo. Bibi hakutulia njia nzima. Alifungua fundo la kanga, akalifunga, akalifungua tena, na kila tulipopita kibao aliniuliza, "Kimeandikwaje?" hata kilipokuwa tangazo la sabuni.

Kibanda cha Afande kilikuwa cha mabati, kina harufu ya solusheni na tairi lililochomwa na jua. Ndani alikaa mwanaume wa makamo, kifua kipana, suruali ya jeshi iliyofifia, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini. Mikono yake ilikuwa ndani ya karai la maji, anatafuta tundu kwenye tyubu. Nilipoiona ile suruali nikamaliza hesabu zangu. Mwanajeshi, anaziba matundu kama mshona nyavu, anakaa mbali na nyumbani. Huyu ndiye mwenye jina. Bibi macho yake yamezeeka tu, hajamtambua.

"Wewe ndiye uliyekuwa na Majura?" bibi aliuliza, hata kusalimiwa hakungoja.

"Majura yupi, mama?"

"Mshona nyavu."

Tyubu ikatoka mikononi mwake ikaelea. Akamwangalia bibi usoni. "Wewe ni mama yake," akasema.

"Ndiyo mimi."

Alijaribu kusimama, gongo likaanguka, akashika nguzo ya kibanda akasimama kwa mguu mmoja. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Kaa."

Akamwita mkewe alete kigoda na maji ya kunywa. Halafu akanigeukia, pengine kwa kukosa la kusema. "Na wewe, binti, unaitwa nani?"

Maneno yangu nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njia nzima. "Naitwa Zainabu," nikasema. "Lile lako sijaliharibu."

Afande akanitazama. Bibi akanitazama. Nadhani kila mmoja alidhani jua limenizidi. Bibi akaniambia nikae chini, nikakaa kwenye mchanga kati ya spoku na minyororo mibovu, nikangoja achukue.

"Nimeambiwa mengi," bibi akaanza. "Nimeambiwa ameoa. Nimeambiwa amenenepa. Sasa na wewe niambie. Mwanangu alikuwa anakula nini?"

Afande akakuna kidevu. "Mama, vitani mtu anakula kinachopatikana. Nikikwambia alichagua nitakuwa nakudanganya." Akafikiri. "Kuna siku tulikaa na njaa hadi tukaacha kuzungumza. Wenyeji wakatuletea samaki waliokaushwa kwa moshi. Mumi, wakubwa hivi."

"Majura hali mumi."

"Alikula, mama."

Bibi akakamata mfuko wake. Nilimjua, nikajua tunaondoka. Mwongo mwingine, tena huyu hata hakujua kudanganya vizuri. Afande akaona naye, lakini hakurudi nyuma.

"Alikula, akalamba na vidole. Halafu akaanza kucheka peke yake. Nikamwuliza unacheka nini na hali yenyewe hii? Akasema, mama akijua nimerudia, atanichapa tena kwa kanga mbichi."

Mfuko wa bibi ukashuka chini taratibu. Akaweka kiganja mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Sikuwahi kumwona bibi yangu akicheka hivyo, hadi jino la mwisho. "Mshenzi huyu," akasema. "Mshenzi huyu! Alikuwa mdogo kuliko huyu mtoto. Alikula kwenye kambi ya wavuvi, nikamsikia harufu mdomoni. Nilikuwa nafua. Nikamchapa kwa kanga niliyoishika, imeloa. Sikumwambia baba yake, wala mtu yeyote. Ukoo mzima ungekuja kumtakasa, wangemwaibisha mwanangu." Akamwangalia Afande. "Hakuna anayejua hilo. Ni mimi na yeye."

"Basi alinijulisha na mimi, mama."

Bibi akamshika mkono, na grisi yake yote. "Niambie mengine."

Akamwambia. Kwamba Majura alikuwa anakoroma hadi wakambandika jina la injini. Kwamba aliogopa ng'ombe, mtu aliyelala na mamba ziwani akiogopa ng'ombe. Kwamba alijitolea kubeba mzigo wa mwenzake mgonjwa kisha akalalamika njia nzima. Kwamba aliimba vibaya na hakujali. Kijijini nilikuwa nimesimuliwa Majura aliyekuwa shujaa na Majura aliyekuwa mtiifu, na wote wawili walinichosha. Huyu wa Mkolani nilianza kumpenda, nikaona kumbe ningeweza kumrudishia jina lake bila kinyongo. Lakini hapo pia nikaanza kushtuka, maana Afande alikuwa anamtaja kama mtu mwingine.

"Ulimwona?" bibi aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Nilimwona, mama. Ilikuwa asubuhi, tumekaa na vikombe vya chai. Lilikuja bomu. Mimi lilinichukua mguu, yeye lilimchukua mzimamzima." Akainua viganja vyake. "Walitaka kuniondoa haraka nikakataa. Nilimviringisha kwenye blanketi lake kwa mikono hii. Nikalifunga kwa fundo la nyavu, lile alilonifundisha. Wenzangu wakamlaza kando ya shamba la migomba. Hakulala peke yake, tulikuwa naye."

"Ulikaza?"

"Nilikaza, mama."

Bibi akainamisha kichwa. Kisha akalia. Alilia kilio cha msiba, kile cha kwetu, cha kumwita marehemu na kumwuliza maswali, palepale kando ya barabara ya Mkolani mchana kweupe. Wenye baiskeli walisimama. Wanawake waliokuwa wanapita na ndoo walizitua, na bila kuuliza nani kafa wakaja wakakaa naye chini, mmoja akamshika mgongo, mwingine akavua kanga yake ya juu akamfunika miguu. Niliogopa sana. Nililia pia, kwa kuogopa, sikuwa namlilia mtu. Mpaka leo nikipita Mkolani nawaza wale wanawake waliacha shughuli zao kwa ajili ya kijana wasiyemjua aliyekufa zamani, na nashindwa kuwashukuru maana hata sura zao sizikumbuki.

Alipomaliza, alimaliza. Akaomba maji, akanawa uso, akajifunga kitambaa chake upya. Akamwambia Afande kwamba akifika nyumbani atawaita watu wanyoe nywele, na lile godoro atampa mtu wa kulilalia. Mke wa Afande akaleta ugali na sato wa kuchemsha, tukanawishwa, na mimi nikabaki palepale kwenye mchanga. Sikusogea. Kazi iliyonileta ilikuwa haijafanyika. Jina lilikuwa bado kwangu, mwenyewe hakuwa amelichukua, na sasa sikuelewa tena nilipaswa kumkabidhi nani.

"Na Zainabu hali?" mke wa Afande akauliza. "Njoo, Zainabu mwanangu."

"Siyo Zainabu huyo," bibi alisema. Alikuwa ananyofoa kichwa cha sato, akakiweka upande wangu wa sinia. Akavuta pumzi. "Huyo ni Majura."

Sikuwahi kulisikia jina hilo likitoka kinywani mwake likinielekea mimi. Nikatazama nyuma yangu, kwanza, kuona kama kuna mtu. Palikuwa na magurudumu tu. Nikamwuliza lile ambalo sikuwahi kumwuliza mtu mzima yeyote.

"Na mwenyewe akirudi?"

Mke wa Afande akasimamisha mkono juu ya bakuli. Afande akaangalia barabarani. Bibi akaniangalia mimi, moja kwa moja, wala hakugeukia upande wa ziwa.

"Harudi," akasema. "Njoo ule, Majura, ugali unapoa."